Geuza Uone Mgongo: Siku na Marafiki Kwenye Maonyesho ya Kazi za Mikono, Lubumbashi

Bamba la shaba la kutundika ukutani husema ukweli wake kwa mgongo. Mbele utaona mama anayetwanga, tembo chini ya mti, au uso wa mzee mwenye kiko, na vanishi inang'aa juu yake. Sura hiyo inaweza kutoka kwenye nyundo ya fundi, na inaweza vilevile kutoka kwenye mashine iliyobana mabamba mia kwa siku. Lipindue. Ukikuta mabonde yenye alama nyingi ndogo, moja imezama, nyingine imepita juu juu, nyingine imeteleza kidogo nje ya mstari, ujue hapo alikaa mtu akagonga. Ukikuta mgongo laini, mabonde yote yana kingo sawasawa, na bamba la pili kwenye meza hiyohiyo lina kosa lilelile mahali palepale, hiyo ni kazi ya kalibu.

Ndiyo sababu napenda watu waende maonyesho ya kazi za mikono na marafiki. Macho ya mtu yakishanaswa na sura ya mbele, mkono wake husahau kugeuza, na anahitaji mwenzake wa kumgeuzia. Wanne ni idadi nzuri. Wawili wanasimama mbele ya meza, wawili wanabaki hatua moja nyuma, na wateja wengine bado wanaona bidhaa. Mkiwa saba au wanane mnaziba meza nzima, na mama mwenye meza anapoteza mauzo kwa ajili ya watu ambao labda wamekuja kutazama tu. Mkiwa wengi hivyo, gawanyikeni makundi mawili na mkutane saa sita penye chakula.

Gawaneni vifaa pia. Sumaku moja, hata ile ya spika iliyokufa. Kitambaa cheupe cha pamba. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Tepu ya fundi cherehani. Simu yenye kamera nzuri, kwa kukuza alama ndogo na si kwa kupiga picha kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa. Magazeti ya zamani, kamba, na kikwembe (kitenge) kimoja kizee cha kufungia. Noti za dola ziwe safi: iliyochanika ukingoni hata kidogo hukataliwa hapa Kongo, na muuzaji akiirudisha hakuonei, kwa kuwa yeye naye atarudishiwa kesho. Franki ziwe ndogo ndogo, maana asubuhi hakuna mwenye chenji. Kama mnategemea pesa ya simu, ulizeni mapema muuzaji anapokea mtandao gani.

Mzunguko wa kwanza msinunue kitu. Pita meza zote, uliza nani ametengeneza nini, weka alama kichwani, kisha rudi. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi ndio wakati wa kushika mawe, na sababu yake nitaieleza. Rangi, kinyume chake, zitazameni jua likishapanda, nje ya turubai. Turubai la buluu hufanya kila kitu cha kijani kionekane kizuri kuliko kilivyo.

Mukuba

Huku Katanga, eneo lenye mji wa Lubumbashi, shaba nyekundu huitwa pia mukuba, na mji wenyewe ulisimama kwa ajili yake: Lubumbashi ilianzishwa 1910, na shaba ya kwanza ikamiminwa hapa mwaka uliofuata. Kwa hiyo ni kawaida meza za shaba kuwa nyingi, na ubora wake hutofautiana mno. Njia nzuri ya kujua kuchagua ni kuifuata kazi tangu mwanzo.

Fundi huanza na bamba tambarare. Kwa picha ya ukutani, unene wa milimita 0.5 hadi 0.8 unafaa. Chini ya hapo shaba hutoboka puani na kwenye vidole vya sura. Juu ya hapo mkono unachoka na mistari myembamba haitoki. Anachora, kisha analainisha bamba kwa moto: analipasha juu ya makala, yaani makaa, au kwa gesi hadi lichukue wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu, halafu analitumbukiza majini. Chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba haifuati sheria hiyo. Inabaki laini, na maji kazi yake ni kuipoza haraka na kubandua sehemu ya magamba meusi. Weusi unaobaki huondolewa kwa asidi hafifu, au kwa ndimu na chumvi kama bamba ni dogo.

Kisha bamba linalazwa kifudifudi juu ya lami iliyochanganywa na vumbi la tofali na mafuta kidogo. Lami inalibeba lisitoboke, na hapohapo inakubali kubonyea chini ya tindo. Kuipata sawa si jambo dogo. Asubuhi ya Juni, na mji huu uko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, lami baridi hupasuka na kuachana na bamba. Ikipashwa kupita kiasi inalegea kama uji, na nakshi inatanuka kuliko mchoro. Fundi anagonga kutoka nyuma kwa tindo butu zenye vichwa vya mviringo, kubwa kwa tumbo la mtungi, ndogo kwa jicho. Akimaliza analigeuza, analibandika tena, na upande wa mbele anakaza mipaka kwa tindo yenye ncha ya mstari, huku akirudisha chini uwanja unaozunguka picha.

Kadiri shaba inavyogongwa ndivyo inavyogumuka, na sauti ya nyundo inabadilika, inakuwa kali na kavu. Fundi mwenye sikio husimama hapo, anang'oa bamba kwenye lami, analirudisha motoni, anaanza upya. Bamba lenye nakshi ya kina laweza kurudi motoni mara nne, mara tano. Asiyesikiliza, au anayebania makala, anaendelea kugonga hadi shaba ipasuke, na ufa huanza pale panapochomoza zaidi: puani, gotini, kwenye ncha ya pembe. Elekeza bamba kwenye mwanga wa anga. Nukta ya nuru ikipenya, umeuona ufa. Kama upande wa nyuma wa pua kuna tone la gundi au la risasi ya kulehemu, ufa umeshazibwa. Si dhambi kuuza bamba lililozibwa, ila bei yake si ile ya bamba zima.

Sasa mizani. Shaba ina gramu 8.96 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Bamba la sentimita 30 kwa 40, lenye unene wa milimita 0.6, litakaribia gramu 645 bila fremu. Alumini iliyotiwa rangi ya shaba, kwa vipimo hivyohivyo, haifiki gramu 200. Sumaku nayo isishike. Ikishika, hilo ni bati la chuma lililopakwa shaba juu tu. Lakini msifurahi mapema kwa sababu sumaku imekataa, maana alumini na shaba ya njano pia huzikataa sumaku. Vifaa hivi viwili hufanya kazi pamoja.

Bamba lililopigiliwa kwenye ubao limefichwa mgongo. Usilazimishe kung'oa misumari. Mwambie fundi: «Papa, iko moja ambayo haujapigilia?» Mwenye kazi ya mkono wake atalitoa chini ya meza, na mara nyingi atataka kukuonyesha zaidi ya ulichoomba. Hapo ndipo siku inapoanza kuwa tamu, kwa sababu mtu anayeulizwa juu ya mgongo wa kazi yake anajua amepata mteja anayeona.

Weusi ulio ndani ya mabonde hutokana na dawa ya salfa, ambayo fundi huipaka bamba zima, kisha anasugua sehemu zilizochomoza zing'ae. Sugua kwa kitambaa cheupe. Weusi wa salfa hautoki. Ukitoka, huo ni rangi ya viatu, na utatoka pia kwenye ukuta wako. Juu ya yote huja vanishi, kwa kuwa shaba wazi hubeba alama ya kila kidole. Bamba lenye vanishi usilisugue kwa ndimu nyumbani: ndimu huingia pale vanishi ilipochubuka, inasafisha hapo peke yake, na unabaki na madoa ya waridi. Kitambaa kilicholoana kidogo kinatosha. Na sufuria au kikombe cha shaba kisichopakwa bati jeupe ndani ni pambo. Usikitilie chakula chenye uchachu.

Meza ya kijani

Malakiti, jiwe la kijani lenye mikanda, ni shaba hiyohiyo kabla ya moto. Jiwe safi lina shaba karibu asilimia 57 ya uzito wake. Ukilipasha, linatoa maji na hewa ya ukaa, linageuka jeusi, kisha makala yakilinyang'anya oksijeni inabaki shaba nyekundu. Wayeyushaji wa Katanga waliijua njia hiyo karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Mnunuzi naye anapata somo hapo: joto na uchachu ni maadui wa jiwe hili hadi mwisho wa maisha yake.

Kwanza lishike. Jiwe hunyonya joto la kiganja, linabaki baridi muda mrefu. Plastiki inakubali joto mara moja. Hiki ndicho kipimo cha asubuhi. Yai la malakiti lililokaa juani tangu saa nne limeshapata moto, na kiganja hakiwezi kukwambia kitu tena.

Pili lipime. Malakiti nzuri ina takriban gramu 3.9 kwa sentimita ya ujazo. Mpira wenye kipenyo cha sentimita 5 utakaribia gramu 255. Wa kioo utakuwa kama 165, wa plastiki hautafika 100. Kuna pia mawe ya kuunga, yaani unga wa malakiti uliokandwa kwa gundi na kubanwa; hayo huangukia katikati, na ndiyo yanayowadanganya hata wenyeji. Shanga ya milimita 8 ina gramu moja hivi, kwa hiyo bangili ya shanga 22 isipungue sana gramu 22.

Tatu, soma mistari. Kwenye jiwe halisi mikanda ya kijani hupishana upana, mmoja kama uzi, unaofuata kama mkanda wa saa, na rangi hutoka kijani cha jani changa hadi kijani kinachokaribia weusi. Penye macho ya duara, duara huzungukana bila kufanana. Kwenye bandia mistari ni myeusi mno, imenyooka, imeachana kwa kipimo kimoja, na rangi ni mbili au tatu tu. Kisha geuza. Mistari ya jiwe lazima ipite ndani na kutokea upande wa pili kwa namna inayoeleweka: mkanda ulioingia juu unatokea chini au unapinda. Mstari unaokatika ukingoni umechorwa.

Kisanduku cha malakiti mara nyingi si jiwe moja lililochongwa. Ni vipande vyembamba vya milimita chache vilivyogundishwa juu ya kiini cha kitu kingine, na hilo halina ubaya kama limefanywa kwa ustadi. Fungua mfuniko, tazama ndani na chini. Fundi mzuri hupanga vipande ili mikanda iendeleane, au itazamane kama mabawa ya kipepeo. Fundi mwenye haraka huacha nafasi, anaijaza unga wa jiwe na gundi. Utaiona kama kijani bapa kisicho na mkanda wowote. Nafasi nyembamba kama unywele ni ya kawaida. Ikishapita upana wa milimita moja, gundi ndiyo inayobeba kisanduku. Kwa ubao wa sataranji, weka ukingo wa simu juu ya miraba na utazame usawa wa jicho: nuru ikipita chini ya simu, ubao haukusawazishwa.

Ung'avu nao una ngazi zake. Jiwe hukatwa kwa msumeno wa almasi wenye maji, hupewa umbo kwenye gurudumu, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji: namba 220, 400, 600, 800, 1200, na mwisho ngozi au kitambaa kizito chenye unga wa kung'arisha. Kosa la kawaida ni kuruka ngazi. Mikwaruzo ya 220 haiondolewi na 800; 800 inaing'arisha tu ikiwa bado ipo. Inamisha jiwe kwenye jua: mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, isiyo ya jiwe lenyewe, ni msasa ulioachwa njiani. Unga mweupe ndani ya vitundu ni nta, iliyowekwa kufunika vinyweleo. Jiwe likisuguliwa kavu kwa mashine hupata joto na kupasuka ndani, nyufa zinazoonekana kama manyoya meupe.

Kuna jambo jingine kuhusu kusugua kavu, na hili ndilo linalonigusa zaidi ya urembo. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba, na halifai kuingia mapafuni mwa mtu yeyote, sembuse kijana anayekaa juu ya gurudumu kutwa nzima. Waulize wauzaji kazi yao inafanyika na maji au bila maji. Tazameni nguo, nyusi, na kucha. Mkikuta fundi anayetumia maji na kufunika pua, mpeni kazi hata kama bei yake ni juu kidogo, na mwambieni sababu, ili wa meza ya jirani asikie.

Jiwe hili ni laini: ugumu wake ni 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs, chini ya kioo na chini ya ncha ya kisu. Pete ya malakiti ya kuvaa kila siku itachubuka ndani ya miezi. Hereni na kidani hudumu. Usiioshe kwa siki, ndimu wala dawa ya amonia. Maji, sabuni kidogo, kitambaa, basi.

Kwenye meza hizohizo utaona misalaba ya shaba yenye mikono minne sawa, ile iliyokuwa pesa na mali ya mahari Katanga, ambayo mifano yake ya zamani imefukuliwa makaburini Sanga, kando ya ziwa Kisale, na ambayo iliwekwa hata kwenye bendera na sarafu za Katanga iliyojitenga 1960 hadi 1963. Mingi ya mezani ni mipya, na fundi mkweli atakwambia hivyo. Msalaba uliomiminwa kwenye kalibu ya wazi ya mchanga una nyuso mbili tofauti: mmoja umebeba alama ya mchanga, mwingine, uliokuwa hewani, una makunyanzi na vitundu vya mapovu. Nyuso mbili laini zinazofanana ni kazi ya namna nyingine. Kijani cha ungaunga kinachotoka kwenye kitambaa kimewekwa kwa asidi mwezi huu. Na kama mtu anasisitiza kwamba wake umetoka kaburini, rudisha mezani na uondoke, kwa kuwa ukweli wake na uongo wake vyote viwili ni sababu ya kutonunua.

Saa sita ikifika, kaeni. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu), au kikanda, ule mkate wa viazi vya mwituni vilivyotwangwa na karanga na pilipili, ambao wengine huuita chikanda. Kikanda kizuri hukatika kwa kisu bila kubomoka. Munkoyo nayo, kile kinywaji cha mahindi kilichochachushwa, inywewe siku yake. Ya jana huwa kali. Chakula hiki ndicho kikao cha kuulizana: nani amependa nini, na mgongo wake ulikuwaje.

Mchana: mti, rafia, rangi

Sanamu na vinyago vina mgongo pia, nao uko chini, kwenye kitako. Pindua sanamu na utafute moyo wa mti, ile nukta ambayo duara zote za miaka huizunguka. Ukiiona katikati ya kitako, sanamu imechongwa kutoka tawi zima, na mti ukiendelea kukauka itapasuka kuelekea kwenye nukta hiyo, karibu bila kukosa. Sanamu iliyochongwa kutoka ubavu wa gogo, moyo ukiwa umeachwa nje, hutulia. Mti mbichi huhisi mzito na baridi kuliko ukubwa wake, na hunuka msitu. Kama unakipenda kinyago kibichi, nyumbani kifunge kwenye gazeti na ukiweke kivulini miezi miwili au mitatu, mbali na dirisha, kikauke polepole. Kukianika juani ni kukipasua kwa mkono wako.

Sugua kwa kitambaa: weusi ukitoka, hiyo si rangi ya mti. Gonga kitako juu ya karatasi. Unga mpya, mweupe kama wa mahindi, maana yake dudu bado wanakula. Dawa yake ni kukifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukigandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Kwa jinsi umeme unavyokatika Lubumbashi, tafuteni friji ya mtu mwenye jenereta, au kiacheni. Moshi, udongo na chai ya rangi huzeesha kinyago kwa wiki moja, kwa hiyo umri usilipiwe kwa maneno. Penzi la kifwebe, kinyago cha Wasongye, au sanamu ya Kihemba iliyochongwa mwaka huu na fundi anayejulikana ni penzi halali kabisa. Pembe za ndovu msiziguse: biashara yake ya kimataifa ilifungwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa 1989.

Kitambaa cha rafia cha Wakuba kinatoka Kasai, na Lubumbashi imeungana na Kasai kwa reli na kwa koo. Wanaume hufuma, wanawake hutarizi. Kile chenye manyoya kama mahameli hutengenezwa hivi: sindano hupitisha uzi wa rafia chini ya nyuzi za juu za kitambaa, bila fundo, kisha uzi hukatwa kwa kisu kidogo na ncha zake husimama. Ukikigeuza, mgongo unaonyesha mfumo wa kitambaa chenyewe, nakshi ikionekana kwa kivuli tu. Nakshi ikiwa wazi nyuma kama mbele, imepita njia nyingine. Isipokuwepo kabisa na mbele kukawa tambarare, imechapwa. Vuta unyoya mmoja kwa kucha, polepole. Ukitoka kirahisi, kitambaa kilitarizwa kikiwa kimelegea. Vipande hivi havikunjwi, huvingirishwa, kwa sababu rafia kavu hukatika kwenye mkunjo.

Vikapu havihitaji maneno mengi: visimamishe, vikiyumba kitako kimesukwa vibaya.

Uchoraji ni somo la peke yake. Mji huu ulikuwa na Hangar, karakana iliyofunguliwa na Pierre Romain-Desfossés 1946, ambamo Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walipata kila mmoja mkono wake. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Hadi leo ndege na samaki wa aina ile huchorwa na kuuzwa. Nunua kwa mchoraji aliyesimama mbele yako, na umwombe aandike jina lake na mwaka nyuma. Huku nyuma ndiko utaona pia kama kitambaa kilipakwa rangi ya msingi: kisipopakwa, rangi imevuja na kuonekana nyuma kama jasho, na mbele itakauka na kubanduka. Ukikunja picha kwa safari, rangi iwe nje, juu ya bomba la kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Watu wengi huweka rangi ndani wakidhani wanailinda. Rangi iliyo ndani hubanwa, inajikunja, na hutoka kwa magamba ikifunguliwa.

Bei

Kundi lichague msemaji mmoja. Wanne wakizungumza kwa pamoja, mmoja anasifu wakati mwenzake anakandia, na muuzaji anashindwa kujua nani mteja. Msiulize bei ya kitu ambacho hakuna kati yenu atakayekinunua. Na bei mliyoitaja nyinyi ikikubaliwa, mnalipa. Kabla ya kutaja, hesabuni: uzito wa shaba, makala, vanishi, na siku ambazo mtu alikaa. Mabamba ya kina kirefu hula siku kadhaa. «Papa, mwisho utatuachia ngapi?» ni swali la heshima. Kusema kazi ni mbaya ili ishuke si heshima, hata kama inafanya kazi. Kama kuna kasoro mliyoiona, ionyesheni kwa kidole na muijadili hiyo. Mkinunua vitatu vinne meza moja, omba matabishi, yaani nyongeza ya bure: pete ndogo, kipande cha jiwe kilichobaki. Hapo hakuna anayeumia.

Kilicho kizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kuagiza. Maonyesho ni mahali pa kujua nani anaweza nini. Muulize fundi karakana yake iko mtaa gani, kisha andikeni kwenye daftari, nakala mbili: vipimo kwa sentimita, unene wa bamba, picha, rangi ya mabonde, vanishi au bila, siku ya kuchukua, bei, na kiasi cha avansi. Nusu inamtosha kununua shaba na makala. Mwombeni awaite bamba likiwa limegongwa na kabla ya vanishi, ili mlipindue pamoja naye.

Jioni, kwenye kufunga, malakiti isiguse shaba. Jiwe ni gumu kuliko shaba, litaikwaruza njiani. Kila jiwe lifungwe peke yake, mfuniko wa kisanduku utenganishwe na kisanduku, gazeti lililofinyangwa lijazwe ndani. Mabamba yapangwe uso kwa uso na kikwembe katikati, kamwe si mgongo juu ya uso, kwa kuwa kingo za nyuma hazikusuguliwa na zitachora vanishi kabla basi halijafika Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Vinyago viwe juu. Rafia iwe juu ya vinyago, imevingirishwa, na isikae chini ya mguu wa mtu.